Ushahidi wa Mtani

Mwanajuma aliipenda makala ile kupita kiasi, na kupenda hivyo humtia mtu upofu. Alipewa chuoni aichambue: mwandishi anadai nini, anathibitishaje, na hoja yake inavuja wapi. Ilidai kwamba mwanamke ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya uzazi wake, azae au asizae, na azae na nani. Ilijengwa kwa tabaka: chini yaliwekwa maelezo ya sheria, juu yake takwimu za wodi za wazazi, na kileleni kisa cha mwanamke wa Tabora aliyeitwa Bi Z. Huyo alifia uzazini baada ya kuondolewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi.

Bi Z. alikuwa dada yake, Zuwena.

Mwandishi, Dokta Asnath, ndiye aliyekuwa mhadhiri wake. Alikuja kwenye msiba ule mtaani Chemchem, akapeana mikono na wafiwa, kumbe pochini ana kinasa sauti. Katika makala alimnukuu “ndugu wa mume” akisema kwenye mazishi: “Mtungi umepasuka, lakini maji bado yanahitajika.” Aya hiyo iliwaliza wasomaji, na ndiyo iliyokuwa mbovu. Aliyesema hayo hakuwa ndugu wa mume. Alikuwa Adinani, Mzaramo, mtani wa familia, na utani huo wa Wanyamwezi na watu wa pwani ni wa tangu babu zao walipobeba mizigo kwenye misafara. Msibani mtani ana ruhusa ya kumkashifu hata marehemu, wala hakuna wa kumnunia. Dokta Asnath, mgeni wa mji, hakujua na hakuuliza.

Mwanajuma alimfuata ofisini akamweleza. Mhadhiri alisikiliza huku akifunga dirisha.

“Ukiiondoa hiyo, makala yote inakuwa kavu,” alisema. “Wewe chambua muundo. Nani atajua?”

Mwanajuma hakubishana, kwa kuwa na yeye alikuwa akiihitaji makala hiyo. Majidi, mume wa marehemu, alikuwa ameomba aozwe yeye Mwanajuma, awalee watoto wa dada yake na kumzalia wengine. Chuo kingesubiri, yaani kingekufa. Baba yao alishafariki, hivyo mwenye neno alikuwa baba mdogo, mzee Mussa, mwalimu mstaafu anayeheshimu kitu kilichochapishwa. Mwanajuma akajipa moyo kwamba karatasi itasikilizwa mahali ambapo msichana hasikilizwi.

Kikao cha ukoo kikakaa Alhamisi alasiri, ukumbini kwa mama yake. Mwanajuma alisoma na kufafanua hatua kwa hatua, akairuka ile aya. Mambo yalikwenda vizuri. Mzee Mussa alitikisa kichwa kukubali kwenye sheria, akaguna kwenye takwimu, na Majidi akaanza kukunja pembe ya mkeka. Kisha mzee akanyoosha mkono.

“Hebu nijionee mwenyewe.”

Akavaa miwani, akapekua, jicho likatua kwenye maneno yaliyotengwa katikati ya ukurasa. Akayasoma kwa sauti.

“Hayo si maneno yangu hayo?” Adinani akasema kutoka mlangoni.

Walicheka, wakashika mbavu. Majidi alicheka mpaka akajifuta macho, mtu aliyemzika mkewe mwaka huohuo. Mzee Mussa alisema wasomi siku hizi wanajenga nyumba juu ya utani. Mwanajuma alijaribu kueleza kwamba aya moja kuwa na kosa hakuzifanyi nyingine kuwa za uongo. Alikuwa sahihi kabisa, na hakuna aliyemsikia.

Akamgeukia mama yake. Mama alijua yote. Zuwena alionywa hospitali asizae tena, akaweka kijiti. Majidi akatishia kuoa mke wa pili asipozaa. Mama akamshika Zuwena mkono hadi zahanati kikaondolewa.

“Mama, waambie dada alitaka nini.”

Mama yake, Bi Najiat, alitengeneza mtandio wake.

“Dada yako alikiondoa kwa hiari yake,” alisema. “Mimi mwenyewe nilimsindikiza.”

Mwanajuma alimchukia mama yake saa ileile.

“Tena huyo mwandishi kanikata,” Adinani akaendelea, bado ana kicheko. “Nilimalizia hivi: na mtungi mwingine upo jikoni.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Mwanajuma, wakamtazama. Adinani akainamisha macho, akatafuta kandambili zake, akatoka.

“Mwanangu,” mama akasema, “wageni hawajapata chai.”

Alikwenda jikoni, akarudi na sinia la birika na vikombe. Mzee Mussa alijiweka sawa, akasema yeye si mtu wa kumwoza binti kwa nguvu, dini inataka aulizwe, naye anamuuliza mbele ya mashahidi.

“Majidi anakuposa. Umeridhia?”

Mwanajuma alisimama na sinia. Alifungua kinywa. Alivuta pumzi ili aseme hapana, na mzee hakuingoja pumzi hiyo itoke.

“Amenyamaza,” alisema. “Bikira akinyamaza amekubali. Tusome Fatiha.”

Akalipokea birika, akatandika makala chini yake ili lisiunguze mkeka.