Ndege wa Mama Hawah

Patience Ocokoru anaandika riwaya za mapenzi, na kama kuna kitu anachokipenda kuliko kuziandika, ni kuzichimbia historia. Mpe chai na mtu mzima anayekumbuka sabuni za mwaka 1979, hadai chakula kutwa nzima. Mwaka jana alitoka Arua hadi Koboko, akakaa mkekani kwa Mama Hawah, akasikia jinsi vita vya mwaka ule vilivyomkimbiza mama huyo hadi Sudan, huku mumewe Swaibu, mwanajeshi, akipotelea kifungoni miaka mingi kabla ya kumrudia. Kule kambini Hawah alidarizi milaya, shuka la kitanda la kumngojea mume, lenye ndege wawili wa midomo myekundu. Patience aliona raha tupu. Aliuliza mpaka uzi ulinunuliwa wapi.

Kisha akaandika. Ndege wakaingia kitabuni, na chai ya tangawizi ya Mama Hawah, na kambi kwa jina lake. Ila kungoja tu hakunogeshi riwaya, basi akamlaza mwanamke wa kitabuni juu ya milaya ile na mchuuzi kijana. Jina alibadilisha, akajiona amesitiri. Masikini! Koboko kila mwanamke hudarizi ndege wa namna yake, na majirani huwajua kama wanavyomjua mwenyewe.

Sasa kitabu kimefika Koboko, naye amerudi, na uso hana pa kuuweka. Mama Hawah yuko mkekani na wembe, anafumua uzi wa milaya. Ndege mmoja amekwisha, yamebaki matundu ya sindano.

"Nisamehe, Mama."

"Mimi najua iko hadithi tu, mtoto yangu. Lakini mzee haiulizi kitu. Ananiangalia tu. Enda, ambia yeye."

Swaibu alikuwa uani, kwenye kiti chake. Patience akapiga magoti kama alivyolelewa, akasema yote: mchuuzi hakuwapo, alimtunga mwenyewe, Mama hakuwahi kumvunjia heshima. Alitamani ardhi immeze.

Mzee akakunja kidole cha kwanza.

"Ile ndege iko kweli?"

"Kweli, Baba."

"Chai ya tangawizi?"

"Kweli."

"Na jina ya kambi?"

"Kweli, Baba."

"Sasa, katika kitabu muzima, uongo iko hiyo moja tu?"

Patience, mwenye maneno ya kujaza vitabu, aligeuza macho mlangoni. Ndani, Mama Hawah alikuwa ameanza kumfumua ndege wa pili.