Kikaango cha Nanuli

Kabla hakujapambazuka nilisikia kitu kikivunjika nyuma ya ukuta, kwa jirani yangu Nanuli, kisha ufagio ukikusanya vipande polepole. Nikadhani sahani imemponyoka. Nikalala tena.

Siku tatu nyuma, mwanangu Elyakim, rabi wa sinagogi yetu hapa Yerusalemu, alinijia jikoni na mahubiri mawili ya Sabato ya mwisho kabla ya Pasaka. Ya kwanza yalikuwa ya vyombo vilivyopikiwa vyakula vya chachu, ambavyo Pasaka ni mwiko kwetu: kipi kichemshwe, kipi kipitishwe motoni, kipi kifungiwe kabatini hadi sikukuu iishe. Ya pili yalikuwa ya babu zetu kutoka utumwani.

"Mama, nihubiri yapi?"

"Habari za vyombo kila mwanamke anazijua. Wewe inua mioyo."

"Kila mwanamke?"

"Mwaka jana ulipofika kwenye vijiko, yule bibi Gruna alikoroma palepale sinagogini hadi kitabu kikamponyoka."

Akacheka, akanisikiliza. Sababu yenyewe sikumwambia. Nilitaka wanawake wanishike mikono waseme, mwanao ametutoa machozi.

Ijumaa Nanuli alinikuta kwenye ngazi, akanipokea kikapu cha viazi bila kuombwa. Alihamia hapa kutoka mji wa mbali wa Kutaisi miaka miwili iliyopita. Kwao, enzi zile serikali ilipokataza dini, sheria zetu zilifundishwa kwa kunong'onezana, na hii ndiyo Pasaka ya kwanza anayotaka kuishika sawasawa.

"Mama Rabi, kesho nakuja na masikio yote mawili. Atasema habari za vyombo, eti?"

"Njoo tu, mwanangu. Utafurahi."

Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Kesho yake watu walilia kweli, na mikono yangu ikashikwa. Nanuli alikaa mbele, ameinama kama mtu anayesubiri jina lake liitwe, hadi mwisho.

Basi Jumapili, asubuhi ileile niliyosikia kitu kikivunjika, nikampelekea lozi. Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya vigae vyekundu.

"Kikaango cha mama," akasema. "Cha udongo. Alikitumia kuokea mikate miaka arobaini. Nilikumbuka babu akisema chombo cha udongo hakitakasiki, huvunjwa. Nikakivunja mapema, nisije nikabadili nia." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Nimefanya sawa?"

Neno sawa lilinifika mdomoni. Lingemfariji, na mimi lingenificha. Lakini macho yake yaliniamini mno.

"Hapana, mwanangu. Ungekiosha na kukifungia kabatini na vyombo vingine. Baada ya Pasaka ungekitoa."

Akaokota kigae kimoja ndooni.

"Elyakim alikuwa na mahubiri ya hayo. Mimi ndiye niliyemwambia ayaache. Na ulipouliza kwenye ngazi, nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kusifiwa."

Uso ulinichoma kama msichana aliyekamatwa akiiba sukari. Nanuli alikirudisha kigae ndooni. Kisha akavuta kiti, akanikalisha, akanimiminia chai. Afadhali angenifukuza.

"Na walikusifu?" akauliza.

"Sana."

"Angalau mmoja wetu alipata kitu." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka, akalia, nami nikamshika bega. Sikujua kama nina haki ya kumshika. Hakuuondoa mkono wangu.

Niliposimama kuondoka alinifuata hadi mlangoni.

"Mama Rabi, njoo tena kesho. Bado nina oveni ya kutakaswa, na sitaki kuigusa peke yangu."