Ngozi ya Mgongo wa Fahali

Bibi Felicitas wa Rugu alizijua ngozi za kunolea visu. Ya mbuzi ni laini mno, inakunjamana chini ya kisu. Mkanda wa mnadani una plastiki ndani, unaua makali. Yake ilikuwa ya mgongo wa fahali, pana kama kiganja, aliyoiacha marehemu mumewe. Kisu ukikivuta juu yake mara kumi, mgongo wa kisu ukitangulia, kinapita kwenye jani la mgomba kama kwenye maji.

Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia migombani, bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba akisema: ukikata mgomba mmoja, choma kisu motoni kabla hujagusa mwingine. Felicitas alitii. Lakini moto hufubaza makali, kwa hiyo kila alipokwisha kukichoma alikivuta kwenye ngozi, ndipo akaendelea.

Siku ya tatu mgongo ulimgomea. Nsabimana, jirani, akamnyang'anya kisu.

"Kaa kivulini, Bibi. Ukianguka humu nitakuzika na migomba?"

Alikata kutwa nzima, akichoma na kunoa kama alivyoelekezwa. Rubisi, pombe ya ndizi, hakuigusa, alikunywa maji tu. Felicitas hakuwa na kingine cha kumpa. Akamfungia ile ngozi kiunoni.

"Kaa nayo, mwanangu. Ukapunguzie majani ya migomba yako."

Wiki ya tano bwana shamba alirudi, akakuta mnyauko umezidi.

"Kisu unachoma kweli, Bibi?"

"Nachoma mpaka kiwe chekundu."

"Halafu?"

"Kikipoa, nilikuwa nakinoa kwenye ngozi, kabla sijaigawa."

"Ngozi hiyohiyo? Kabla ya kuchoma pia?"

Felicitas alitaka kujibu, akaona madoa ya utomvu vidoleni mwake. Kila kisu kilipokuwa butu alikipitisha kwenye ngozi kikiwa na utomvu wa njano, kisha kikirudi kutoka motoni kikiwa safi, akakipitisha palepale.

Aliondoka bila kuaga.

Nsabimana alikuwa kwenye kishamba chake, kile kinacholisha watoto wake watano.

"Shikamoo, Bibi! Umefuata ngozi yako? Hupati, tumeshaoana."

"Marahaba. Mwanangu, umeitumia?"

"Kila siku. Kwani kuna nini?"

Akamweleza. Nsabimana alikwenda kwenye mgomba ambao ndizi zake zilikuwa zimeiva kabla ya wakati, jambo lililowafurahisha watoto, akachuma moja na kuipasua. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu, alama ya mnyauko. Akapasua ya mgomba wa pili. Ya tatu hakuipasua.

"Nipige, mwanangu. Nitukane."

"Ulinipa kizuri ulichokuwa nacho, Bibi."

Alimletea kigoda, akachukua panga na kuanza kuiangusha migomba yake. Felicitas aliomba jembe asaidie kung'oa visiki; jembe lilikuwa moja tu, na mikono yake haikuweza kulinyanyua. Akaketi. Kila mgomba ulipolala chini alisema, "Pole, mwanangu," naye akaitikia, "Nimeshapoa." Kufika mgomba wa tisa, Nsabimana hakuitikia tena.