Kumi na Minane na Zaidi

"Usiniue! Nina watoto!"

Sauti ya mwanamume ilipenya pazia, ikafuatwa na mlio kama wa ubao unaopasuliwa. Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Mteja wake, muuguzi aliyekuwa mbele ya kioo na gauni la mkono mmoja, alijishika kifua.

"Fundi, mnachinjana humo ndani?"

Fundi alilivuta pazia akaingia chumba cha nyuma mbiombio, mkasi mkononi. Hapakuwa na mwanamume. Alikuwepo Kidoti, bintiye wa miaka tisa, amekunja miguu mbele ya televisheni, vidole vikibofya kidude cha kuchezea. Kwenye skrini, mtu alikuwa amepiga magoti katika dimbwi la damu. Kidoti akabofya tena. Mtu yule akanyamaza.

"Mtoto wewe!" Fundi alifoka, mkono juu. "Uchafu huu umeutoa wapi? Nani kakupa?"

Kidoti alijikunyata, akakinga kichwa. "Wewe, mama."

"Mimi?"

"Si uliniletea nilipofaulu?"

Kweli, gemu aliinunua mwenyewe. Na alivyotamba nayo! Mtaa mzima ulisikia jinsi alivyomzidi muuzaji ujanja. Alilinyakua kasha juu ya televisheni, akampa muuguzi, ambaye naye alikuwa amekwisha kuingia na gauni lake la mkono mmoja.

"Hebu soma, dada. Michezo kumi na minane na zaidi! Ningejuaje kama mmojawapo ni wa wachinjaji?"

Muuguzi aliitazama ile alama nyekundu pembeni: 18+. Kicheko kikamponyoka. Kisha akamwona Kidoti, kikamfia mdomoni.

"Fundi wangu, mchezo ni mmoja. Hiyo ni miaka. Aliye chini ya hapo haruhusiwi."

Mkono wa Fundi ulishuka wenyewe. Akatafuta wa kumlaumu: muuzaji, waliotengeneza kasha, shule iliyofunga mapema. Hakumaliza hata sentensi moja. Akamgeukia mtoto, makali yamempungua. "Unaona watu wanauawa, huji kuniambia?"

"Nilikuja. Nilikwambia nikifumba macho namwona yule mtu. Ukasema 'mm'."

"Lini?"

"Ulikuwa na pini mdomoni."

Siku gani hakuwa na pini mdomoni? "Mm" ndiyo iliyokuwa jibu lake la kila kitu: mama nina njaa, mama nimemaliza, mama njoo uone.

Fundi aliketi sakafuni. Muuguzi akarudi mbele ya kioo bila kuambiwa.

"Sasa kama unaogopa, mbona uliendelea kucheza?"

"Ulifurahi sana kuninunulia," Kidoti alisema, akichezea ukucha. "Sikutaka uone sikuipenda."

Fundi alichomoa waya ukutani, akamvuta mtoto mapajani, ingawa ni mkubwa, miguu ikaning'inia.

"Gemu yoyote itakayoingia humu, nitaicheza mimi kwanza."

"Wewe? Hata kuwasha hujui!"

"Utanifundisha kuwasha, kisha utanipisha. Ikinitisha mimi mtu mzima, haifiki mkononi mwako."

Kidoti alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na yule mtu? Akija tena leo usiku?"

"Niamshe. Hata kama nimechoka vipi, nitaamka na nitakusikiliza mpaka umalize. Nakuahidi, mwanangu."