Kapu la Simu

Kanuni ya kapu niliitunga mwenyewe, mimi Twaiba, meneja wa Wimbi, timu ya Kinondo. Kabla ya mechi kila mchezaji hutia simu yake kapuni, nami hukaa nalo mpaka kipenga cha mwisho. Vijana waliniita askari jela. Niliwajibu kwamba anayetaka kupiga soga akacheze bao.

Siku ya nusu fainali ya ubingwa wa vilabu wa Pwani tulikuwa Kwale. Saa saba na robo ikalia simu ya Swabir, kipa wetu. Niliona jina la mjomba wake Alfani, nikapokea ili nimwambie apige baadaye. Hakunipa nafasi. Mamake Swabir alikuwa amefariki, na wangezika baada ya swala ya alasiri.

"Mwambie aje upesi," alisema. "Tutamngoja yeye amteremshe mamake kaburini."

"Inna lillahi. Nitamwambia."

Sikumwambia. Silipambi jambo hili. Kipa wa akiba alikuwa amevunjika kidole, na Kinondo haikuwahi kufika fainali tangu nizaliwe. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: tunaanza saa nane, kabla ya saa kumi tumemaliza, pikipiki moja mpaka Kinondo, atawahi.

Wakati wa mapumziko tulikuwa tunaongoza bao moja. Swabir alinijia, jasho likimtiririka, akaomba simu yake dakika moja tu amjulie hali mamake, maana alimwacha na homa. Nilimwambia kanuni ni kanuni. Akacheka, akarudi uwanjani. Nilijichukia.

Dakika ya themanini wakasawazisha. Mechi ikaenda penalti moja kwa moja. Simu ya Swabir ililia kapuni, ikakatika, ikalia tena. Nilivua leso yangu nikaifunika. Swabir akaokoa mbili, tukashinda, na watu wakambeba juujuu wakiimba jina lake. Ilinibidi niwaombe wamshushe.

Nilimwambia mamake amefariki. Alipanda pikipiki na glavu mkononi. Nikamfuata kwa nyingine.

Tuliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Alfani alisema walingoja mpaka imamu akakataa, kwani maiti hacheleweshwi, na aliyemteremsha ni jirani.

"Ulipiga saa ngapi, mjomba?" Swabir akauliza.

"Saa saba na robo. Alipokea meneja wako."

Swabir alinigeukia. Nilitamani anitukane.

"Saa saba na robo nilikuwa nafunga viatu, dada. Hatua tatu kutoka ulipokaa."

Kisha akaenda kwenye kaburi peke yake. Nilibaki njiani, na wanawake waliokuwa wakienda matangani, habari ikiwa imeshawafikia, walinipita bila kunisalimu. Hawakukosea.

Fainali ilikuwa Jumapili iliyofuata. Swabir alikuja. Alinisalimu kwa heshima zote, akaniuliza habari za nyumbani, akakaa na wenzake kufunga viatu. Saa ilipofika nilipitisha kapu kama kawaida. Lilipita mikononi mwao wote, mmoja baada ya mwingine, likarudi kwangu tupu. Hakuna aliyeniita askari jela.