Mikono Mfukoni

Mimi nimezalisha nusu ya mtaa wetu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Nikienda sokoni, vijana wenye ndevu zao wananiamkia, na kila mmoja namkumbuka alivyotoka, nani kwa kichwa na nani kwa matako. Kwa hiyo nilipotangaza nyumbani kwamba naingia chuo kikuu kusomea uongozi wa huduma za afya, ili siku moja niwe mkuu wa kituo, mume wangu alicheka hadi chai ikampalia. Mzoea kunyonga, akasema, kuchinja hawezi. Hiyo mikono yako itatulia mezani?

Nilimkata jicho, lakini alikuwa amenigusa penyewe. Darasani sikuwa na shida. Bajeti nilizielewa, ratiba za zamu ndiyo usiseme, na wenzangu, ambao kwa umri ningeweza kuwazaa, waliniita Mama Mkunga na kunitunzia kiti cha mbele. Taabu ilikuwa mtihani wa vitendo. Unaongoza wodi ya wazazi ya kituo chetu asubuhi nzima, mwalimu akikutazama, na sharti ni moja tu: usimguse mgonjwa.

Mara ya kwanza nilimwona muuguzi anahangaika kutafuta mshipa wa mgonjwa, nikaenda nikauchoma mwenyewe, safi kabisa. Kurudi mezani, glavu zimeisha wodi nzima na hakuna aliyeagiza nyingine. Mwalimu wetu, bwana mwembamba asiye na makuu, alinifelisha kwa upole. Meneja akiinamia kitanda kimoja, alisema, vitanda vingine vyote vinabaki bila macho. Nikifeli tena, narudia mwaka, na nafasi ya mkuu wa kituo, inayobaki wazi mwaka huu, anapewa mwingine.

Siku ya marudio nilivaa koti lenye mifuko mikubwa, nikatumbukiza mikono humo, nikaapa kwamba haitoki ila kwa kalamu na simu. Kumbe Mola naye ana yake. Hata sijakaa vizuri, nani analetwa wodini kwenye kiti cha magurudumu, ameshika kiuno? Binti yangu. Mimba yake ya kwanza, mjukuu wangu wa kwanza.

Na zamu ya chumba cha kujifungulia ilikuwa ya nani? Ya Kobe, ndivyo tunavyomwita. Ni muuguzi msichana, mpole, kazi anaijua, lakini mwendo wake jamani! Akienda kuchukua pamba unaweza kulala ukaota. Tangu binti yangu anicheze tumboni nilikuwa nangoja kumpokea mjukuu kwa mikono hii, leo nimwachie Kobe?

Mwalimu alinivuta pembeni. Akasema ninaruhusiwa kuahirisha, nikakae na mwanangu, na hakuna atakayenilaumu. Ila mtihani mwingine ni mwakani, na nafasi yenyewe haitangoja. Nikasimama mlangoni pa chumba, roho huku, roho kule. Binti yangu alinitazama, jasho likimtiririka.

"Mama, rudi mezani kwako. Mimi nina Kobe. Wale wengine wana nani?"

Nilitamani kumzaba kibao na kumkumbatia papo hapo. Nikarudi mezani, machozi nimeyameza.

Hapo ndipo patashika ilipoanza. Mwanamke wa pili aliingia, uchungu umepamba moto, wa kuzaa sasa hivi, na kule ndani Kobe yuko peke yake. Miguu yangu ikaanza safari yenyewe. Nikaizuia, nikashika simu, nikaomba mkunga kutoka kliniki ya mama na mtoto. Mkuu wao akaanza hadithi. Nikamwambia hadithi tutaimalizia jioni, sasa nipe mtu. Mtu akaja. Hajamaliza kuvaa glavu, mhudumu akatoka na ndoo tupu: mabomba yamekauka. Wanawake wawili wanazaa, na tone la maji hakuna.

Nilitoka nje mbio, mwalimu nyuma yangu akihema. Fundi bomba nilimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa amefunga maji ya jengo zima ili abadilishe koki moja ya kuoshea sufuria, kisha akaketi kunywa chai kwa raha zake. Sikumtukana, ingawa ulimi ulikuwa tayari. Nilimwambia nitamsimamia pale pale hadi maji yarudi wodini, na kuanzia leo hafungi kitu kabla ya kuiuliza wodi ya wazazi. Akanitazama usoni, akaiacha chai.

Nikiwa nimesimama kati ya sufuria chafu, nikasikia kilio kutoka dirisha la wodi. Punde kikafuata kingine, kizito zaidi. Watoto wawili wamefika duniani na hata mmoja sikumpokea. Iliniuma, sitadanganya. Sikujua hata kipi kati ya vilio vile kilikuwa chetu. Fundi akanipa hongera, nami nikamwambia asante, kaza hiyo koki.

Tuliporudi wodini, mwalimu alichomeka kalamu yake mfukoni.

"Mtihani umekwisha, mama. Umefaulu. Nenda kamwone mjukuu."

Sikungoja aseme mara mbili. Mwanamke wa pili alikuwa na dume lake kifuani, na mkunga wa kliniki anamfunika. Binti yangu amechoka, mzima, anatabasamu. Aliniambia kwamba ule utaratibu wa Kobe ndio uliomtuliza, maana mimi ningemkimbiza. Nikameza na hilo. Kobe alikuwa amempakata mjukuu wangu, msichana, amemfunga vizuri kuliko ambavyo ningemfunga mimi. Nikatoa mikono mfukoni, nikainyoosha.

Kobe akarudi hatua moja nyuma na mtoto.

"Nawa kwanza, mama."

Mume wangu angekuwepo angecheka hadi leo. Nikaenda kwenye sinki, nikafungua bomba, na maji yakatoka kwa nguvu. Nikanawa kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote.