Korido Iliyosubiri Wanafunzi

Kituo cha afya kizima kilimwita Mama Deki, naye aliitikia. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga deki korido ya wajawazito akiwa kibarua. Sasa ilisemekana vibarua wachache wataajiriwa moja kwa moja, na muuguzi mkuu alikuwa amemnong'oneza: "Jina lako tumelipeleka. Linasubiri mkono wa mganga mkuu wa wilaya tu." Tangu siku hiyo Mama Deki alikuwa akifika kazini kabla mlinzi hajanawa uso.

Binti yake alikuwa kidato cha tatu, mwenyekiti wa Klabu ya Huduma ya shule yao. Nyumbani mama alimwita Mwenyekiti. Ulikuwa utani, ila utani wenye fahari ndani yake.

Kila mwaka klabu za shule zilishindania kikombe. Waamuzi hawakwenda kuona kazi yenyewe. Walitazama picha ya kabla na picha ya baada, na kadiri zilivyotofautiana ndivyo alama zilivyopanda. Mwaka uliotangulia klabu ya binti ilisafisha maktaba ya mji. Maktaba ilikuwa safi tangu mwanzo, wakashika mkia.

"Mama," binti alisema siku moja wakimenya viazi, "Jumamosi tunakuja kituoni kwenu. Mlezi wa klabu ameshaomba ruhusa."

"Karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ila ile korido ukiipiga deki, sisi tutasafisha nini?"

Mama akacheka. "Mwenyekiti anataka nigome?"

"Si kugoma. Uiache tu siku mbili tatu. Tafadhali, mama yangu usiye na mfano."

"Usinivike kilemba cha ukoka. Menya viazi."

Lakini hakukataa. Muuguzi mkuu alikuwa semina wiki hiyo, na Mama Deki alijiambia kwamba siku mbili si kitu.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusafisha. Alipita na ndoo yake akienda wodi nyingine, akaona uji umemwagika, akaona matope ya viatu, pamba, maganda. Mara moja aliinama, kisha akajikaza akanyooka.

"Mama Deki," mlinzi alimwita, "umepata mume tajiri nini? Korido inanuka hiyo."

"Kesho wanangu wanakuja kuisafisha."

"Wanao, au wana wa wenzio? Haya. Sijapata kuona uchafu unaowekewa akiba."

Wanafunzi walikuja wakiimba. Mlezi wa klabu, mwalimu kijana mwenye haraka, alinyoosha mkono: "Msiguse kitu! Picha ya kabla kwanza. Wewe, hilo pipa la taka liinamishe kidogo. Kidogo tena." Baada ya hapo walivua viatu wakaanza. Kusema kweli, walifanya kazi. Walisugua mpaka pembe za kuta, na wajawazito waliokaa kwenye mabenchi waliwaombea heri.

Siku ya mashindano wazazi waliketi nyuma ya ukumbi. Mgeni rasmi alikuwa mganga mkuu wa wilaya. Binti alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, na picha ya kabla ikamulikwa ukutani, kubwa kama nyumba. Watu waliguna. Mama mmoja aliziba pua kwa mzaha. Ikaja picha ya baada, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mgeni rasmi hakupiga makofi.

"Rudisha ile ya kwanza," alisema. "Hapo ni pale wajawazito wanapokaa?"

"Ndiyo, mheshimiwa," binti alijibu.

"Na mlipofika, ndivyo mlivyoikuta?"

Mlezi alikuwa akimtazama binti. Kikombe kilikuwa mezani, kimefungwa utepe. Binti aliangalia nyuma ya ukumbi, akamwona mama yake, akarudisha macho.

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndivyo tulivyoikuta."

Hakusema uongo. Waliikuta hivyo.

"Nani anayesafisha pale?"

Mama Deki akasimama, mkoba wake mkononi.

"Ni mimi."

"Ulikuwa mgonjwa, mama?" Aliuliza kwa upole, kama anayemfungulia mlango wa kujitetea.

"Hapana."

"Kuna mtu alikwambia usisafishe?"

Mama Deki alitazama jukwaani. Alimpa mwanawe muda wa kutosha, na kidogo zaidi. Kipaza sauti kilikuwa bado kidevuni kwa binti.

"Nilizembea," mama alisema, akaketi.

Kikombe kilikwenda kwa shule ya binti.

Jumatatu muuguzi mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango. Jina lilikuwa limekatwa, na kibarua chenyewe kimeota nyasi. "Ungesema ukweli ningekutetea," alimwambia. "Kwani kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, sista."

Alasiri hiyo binti alirudi kutoka shule akamkuta mama uani, ameketi kwenye kigoda, anafua sare ya kazi. Alisimama karibu naye bila kutua begi.

"Mama, kwa nini ulisema ulizembea?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Useme mimi ndiye niliyekuomba."

Mama alikamua kola, akaitazama, akairudisha majini.

"Wewe ndiye uliyekuwa na kipaza sauti, mwanangu. Mimi nilikuwa na mdomo tu."

Binti alianza kulia. "Kesho nitakwenda kwa mganga mkuu. Nitamwambia yote."

"Na kikombe je? Na wenzako? Na yule mwalimu?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Binti alivuta mkanda wa begi begani.

"Basi," mama alisema.

Binti alitua begi, akachuchumaa, akanyoosha mikono kwenye beseni. "Lete nikufulie, mama. Wewe pumzika."

"Acha. Sare ni ya watu, inarudishwa kesho."

Akalivuta beseni upande wa pili, akaendelea kusugua.